Funguo Mfukoni

Swalha Maulid alikuwa akichora nakshi za kanga kwa kiwanda kimoja cha Guangzhou, na kanga zake zilivaliwa Unguja, Dar na Mombasa na wanawake wasiolijua jina lake. Hilo halikumsumbua. Alikodi chumba cha kazi juu ya duka la vitambaa, nyuma ya soko la nguo la Shisanhang, na akishamaliza kazi za kiwanda alichora alichotaka mwenyewe.

Picha hizo ndizo zilizomleta Bi Lin. Bi Lin alifanya kazi katika nyumba moja ya mnada wa sanaa, na alikuwa ameziona kwenye maonyesho madogo ya wanawake. Alimweleza Swalha kwamba nyumba yao imepata vipande kumi vya Ukuta wa Berlin, ule uliowagawa Wajerumani kwa miaka mingi, watu wakapigwa risasi kwa kujaribu kuuvuka, hadi ulipokuja kubomolewa. Kila kipande atapewa msanii wa nchi tofauti achore juu yake, kisha vyote vinadiwe siku moja. Kikinunuliwa, msanii na nyumba watagawana fedha. Kisiponunuliwa, kitakuwa mali ya msanii.

Bi Lin alipendekeza kitu cha furaha, cha Kiafrika: jua, ngoma, labda tembo. Swalha alimjibu kwa Kichina, lugha aliyojifunza kwa kubishana bei sokoni, kwamba kwao Unguja hakuna tembo, na tembo wa kwanza kumwona maishani alimwona kwenye bustani ya wanyama ya Guangzhou.

Kipande kilipoletwa, wabebaji walikipandisha ngazi huku wakilalamika njia nzima. Kilikuwa zege tupu, kimo chake kinamfikia Swalha kiunoni, nondo zenye kutu zikichungulia pembeni. Upande mmoja ulikuwa na rangi za zamani, kijani na waridi, mabaki ya maandishi ya mtu aliyepita pale na kopo lake la rangi. Swalha hakuyafuta. Alikaa na lile zege siku kadhaa bila kushika brashi. Alipoweka kiganja juu yake alitegemea kuhisi jambo la ajabu, lakini lilikuwa baridi na la kukwaruza, kama kuta za jengo alilokuwa akiishi zamani katika mtaa wa Xiaobei, wanakokaa Waafrika wengi. Hapo akajua atachora nini.

Alichora geti. Mwaka wa ugonjwa wa korona, wapangaji weusi wa jengo lile, Swalha akiwemo, walitolewa vyumbani mwao, ingawa walikuwa wamelipa kodi na wamepimwa wakaonekana wazima. Wengine walitoka dukani wakakuta geti limefungwa, na mlinzi mwenye ovaroli nyeupe amenyoosha mkono. Kila walichomwuliza alijibu neno moja tu, meiyou, hakuna. Walilala chini ya barabara ya juu, mvua ikiwarukia. Swalha aliwachora kama walivyokuwa, na mabegi yao na chupa zao za maji. Katikati alimweka Macharia, Mkenya wa Nairobi waliyekuwa wakitazamana milango, amekalia begi lake la buluu. Upande wa kulia alimweka mlinzi. Hakumchora kama shetani. Alimpa uso wa kijana aliyechoka, maana ndivyo alivyokuwa.

Macharia alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la maduka la Tianxiu. Swalha alimwita aione picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaomba atolewe pichani.

"Dada, sisi huku tunaishi kwa visa," alisema. "Niko na ofisi, niko na watu wananitegemea. Toa hiyo sura."

Swalha alimwambia kwamba sura ni yake Macharia, na akitaka ataigeuza itazame kwingine. Alimwomba tu amjibu swali moja: siku ile pale nje alikuwa na nini mfukoni?

Macharia aligusa mfuko wa suruali yake. "Ufunguo wa nyumba," alisema. Akachukua koti lake, akasema apewe muda afikirie, akashuka ngazi.

Wiki iliyofuata Bi Lin alikuja na bosi wake, Bwana Deng. Bi Lin alisema hiyo ndiyo kazi bora katika zote kumi, akanyamaza mara bosi alipomtazama. Bwana Deng alikuwa mtu mpole. Aliisifu mikono, aliisifu mvua, akasema mabegi ni mazuri mno. Aliomba jambo dogo tu, mlinzi afunikwe, pale ukae mti. Kwa nini wawaudhi wanunuzi? Bila mlinzi, alieleza, hawa watakuwa wasafiri wanaosubiri gari, na kila mtu anapenda picha ya wasafiri.

"Hatukuwa wasafiri," Swalha alimwambia. "Tulikuwa na funguo za vyumba vyetu mfukoni."

Bwana Deng alitabasamu na kumkumbusha kwamba mnada huu ungemfungulia njia, jina lake lingefika Beijing na Hong Kong. Swalha alisema anafahamu. Alisema pia kwamba ukuta huu ulijengwa kuzuia watu, na yeye amechora watu waliozuiwa, hivyo haoni alipotoka nje ya kazi aliyopewa. Bwana Deng aliaga bila kukubali wala kukataa.

Mnada ulifanyika katika ukumbi wa hoteli karibu na mto. Swalha alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya chungwa ili asipotee machoni pa mtu. Aliwaona wasanii wengine, akawaona wanunuzi na vibao vyao vya namba, na katika safu ya mwisho kabisa, peke yake, amevaa suti, akamwona Macharia. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile, na sura yake ilikuwa bado pale pale kwenye picha.

Vipande saba vya kwanza vilinunuliwa kwa haraka. Kilipoletwa cha nane, mnadishaji alisoma jina lake: Wasafiri.

Swalha alisimama. Alisema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwamba jina hilo si lake. Picha inaitwa Funguo Mfukoni, na hilo ni geti la jengo moja la Xiaobei, na watu hao ni wapangaji walioachwa nje.

Minong'ono ikaanza. Bwana Deng aliinuka taratibu kutoka kiti cha mbele, akawaomba radhi wageni, akasema wasanii wana hisia kali, na kwamba tukio linaloonekana pale ni la kubuni tu.

"Si la kubuni." Ilikuwa sauti ya Macharia kutoka nyuma. Kichina chake kilikuwa cha ofisini, cha makontena na ushuru, lakini kilieleweka. "Huyo kwenye begi la buluu ni mimi. Nitazameni, mmtazame na yeye."

Watu waligeuka, wakamtazama, wakarudi kwenye picha. Kufanana hakukuwa na ubishi. Mnadishaji aliuliza mara tatu nani anaanza. Mwanamke mmoja kijana aliinua kibao nusu, aliyekaa naye akamshika mkono, akakishusha. Nyundo iligongwa. Kipande cha nane hakikununuliwa.

Huko nyuma ya ukumbi Bwana Deng alimfuata na habari nyingine. Mnunuzi mmoja mkubwa alikuwa tayari kukichukua kimyakimya kwa bei kubwa kuliko ya vyote vya siku ile, mradi mlinzi afunikwe. Swalha aliitaka ile njia ya Beijing na Hong Kong, na hakuwa na uhakika kama itakuja tena.

"Mwambie akitaka ukuta usio na mlinzi, anunue vigae," alisema.

Basi kipande kikawa chake. Macharia aliwapigia vijana wake wa mizigo, wakaja na toroli. Mfanyakazi wa hoteli aliwaelekeza mlango wa nyuma, na Swalha akamwambia kwa upole kwamba kilinadiwa mbele ya watu na kitatoka mbele ya watu. Walikisukuma katikati ya sebule ya hoteli, magurudumu yakilia juu ya marumaru, wageni wakipisha. Bi Lin aliwashikia mlango wa kioo, bosi wake akiwa anaona.

Macharia alikiweka ofisini kwake Tianxiu, ukutani mkabala na mlango, ambapo kila mteja lazima akione. Swalha alimwuliza kuhusu visa. Alijibu kwamba visa ataiwaza muda wake ukifika.

Habari zilienea katika maduka ya jengo zima. Watu walipanda kutazama wakati wa chakula cha mchana. Mmoja alijitambua kwa kofia, akapiga picha akamtumia mkewe. Wauzaji wa Kichina wa ghorofa ya chini nao walikuja, wengine wakaondoka bila kusema kitu, wengine wakauliza maswali mengi. Bwana Deng alipiga simu akisema yule mnunuzi angali anataka, sasa hata pamoja na mlinzi wake. Swalha alimjibu kwamba kazi bado haijaisha.

Na ilikuwa kweli. Siku hiyo hiyo Bi Mwanakhamis, mama wa Dar anayekuja kununua bidhaa za duka lake katika mtaa wa Yide Lu, alikuwa amesimama mbele ya lile zege, mikono kiunoni.

"Swalha mwanangu, mimi nilikuwepo usiku ule. Niliwagawia watu mikate. Mbona sijioni?"

Swalha alisema nafasi mbele imejaa, ila pembeni kuna zege jingi. Bi Mwanakhamis alivuta kiti, akakaa wima, akarekebisha ushungi wake.

"Haya, nichore," alisema. "Na usinipunguze mwili."