Umekula Chumvi Nyingi

Katuni yenyewe ilikuwa nzuri, tuseme haki. Bibi wa kuchorwa, miwani puani, alimimina chumvi kwenye sufuria bila huruma, na moyo uliochorwa pembeni ukatutumka na kuwa mwekundu. Wazee waliojaa kwenye mabenchi ya kliniki ya presha wakacheka. Muuguzi aliyeitungia maneno na kuitia sauti alisimama kando ya televisheni, kichwa kimemvimba kwa sifa. Mama yake mzazi alikaa benchi la mbele.

Kisha sauti ya muuguzi ikasikika kwenye spika: "Bibi, umekula chumvi nyingi. Sasa inatosha!"

Kicheko kikakatika. Fundi cherehani mmoja mstaafu akaguna, "Yaani tumeishi sana, eti? Tufe basi?"

Lo, ulimi hauna mfupa! Yeye alikusudia chumvi ya sufuria, wazee wakasikia chumvi ya umri. Mama yake alisimama, akatia kadi mkobani, akashika njia ya mlangoni.

Na kwenye kadi hiyo, dakika kumi tu zilizopita, walikuwa wameandika 198 kwa 112. Daktari ndiyo kwanza alikuwa ameagiza ameze dawa palepale, alale, apimwe tena. Muuguzi alimkimbilia koridoni na kidonge mkononi. Dada wa mama yake alianguka na presha ya namna hiyohiyo, na mpaka leo analishwa kwa kijiko.

"Mama, meza kwanza. Utanigombeza baadaye."

"Nimeze ya nini? Si umesema inatosha? Tena mbele za watu."

"Nilimaanisha chumvi ya chakula."

"Kiswahili utanifundisha wewe? Maneno yale aliandika nani?"

Angeweza kusema ni watu wa ofisini. Uongo ulishamfika mdomoni. Lakini mama alikuwa ameushika ukuta, mshipa wa shingo ukimpigapiga, na mtu wa namna hiyo humdanganyi ukalala usingizi.

"Mimi, Mama. Niliandika mimi, nikacheka peke yangu."

"Umenichoka."

Wala halikuwa swali. Muuguzi alipiga magoti sakafuni, na sare yake nyeupe, wagonjwa wakimpita na kumkodolea macho. Aibu aliiona, akaiacha ipite.

"Nisamehe, mama yangu. Nilitafuta utani nikaropoka. Mimi bado sijakushiba."

Mama alimtazama usoni. Kisha akakichukua kidonge, akakimeza bila kungoja maji, akamwegemea binti yake begani. Wakaenda polepole mpaka chumba cha vitanda.

"Ile sauti yako ifute," mama alisema. "Tafuta ya mtu baki. Mtu baki akiniambia maneno yale, nitacheka tu."