Jicho la Kushoto

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mazoea yake: akitunga uzi, hufumba jicho la kushoto. Mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Wateja walisema magauni yake huficha kitambi, ila yeye mwenyewe hakuficha neno.

Siku moja vumbi la kitambaa lilimwingia jicho la kulia. Akalifunika kwa kiganja, aendelee kumpima mteja. Mteja akatoweka. Cherehani nayo, na mlango, na binti yake aliyekuwa akipiga pasi. Ulibaki ukungu wa kijivu. Akaondoa kiganja, dunia ikarudi, akakirudisha, ikapotea. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, na kwa kuwa kila siku alilifumba mwenyewe, hakuwahi kulijulia hali.

"Mama, unacheza kujificha?" binti akauliza.

"Piga pasi wewe."

Akanyamaza nalo. Aliogopa, tena sana. Mama yake mzazi alimaliza umri akipapasa kuta, watu wakasema ni uzee tu. Kila asubuhi Fundi alifunika jicho hili, akafunika lile, akitumaini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na mkasi, uliopita kando ya kidole cha binti bila yeye kukiona. Binti alikitazama kidole, akamtazama mama, akamshika mkono mpaka kliniki ya macho.

Daktari, mwanamke wa makamo, hakumzungusha. "Ni presha ya macho, mama. Haiumi, ndiyo maana inaiba. La kushoto halitarudi. La kulia limeanza, lakini ukitia matone kila siku bila kuruka, tutalilinda."

Fundi hakulia. "Moja linanitosha. Wateja wangu wengi si wa kutazamwa kwa mawili."

Daktari akacheka kidogo. "Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Huyu ni binti yako? Naye akae hapa."

Fundi alikuwa ameliogopa giza lake tu. Hakuwaza kwamba angeweza kulirithisha. Binti akaweka kidevu kwenye mashine, akitabasamu kama anayepigwa picha. Fundi akamwomba Mungu kimoyomoyo achukue na hili lililobaki, amwachie mtoto yake.

Daktari akapima jicho la kwanza. "Hili ni zima," akasema. Akapima la pili, la kushoto, kisha akalipima tena.