Mgeni wa Zipu na Salamu Zetu

Kila kinapotajwa kiwanda cha zipu, watu wa mtaani kwetu huwashukuru wakubwa. Huishukuru serikali, humshukuru shemeji yangu wa ofisi ya uwekezaji, na shemeji mwenyewe hujishukuru kuliko wote. Haya, haki yao. Mimi shukrani zangu nimezipeleka kwingine, na nitaeleza kwa nini, mradi nisikatizwe, maana mtaa huu kwa kudakia maneno haujambo.

Wananiita Pilipili. Si jina la kuzaliwa, ni la mdomo wangu. Nashona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ghorofani kuna chumba chenye bafu lake ambacho hukipangisha. Mume wangu ni fundi mitambo. Kiwanda cha nguo cha hapa mjini kilipofungwa, alizunguka kutafuta kazi mpaka soli zikaisha, akaja kuipata nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha zipu. Aliondoka binti yetu akitambaa. Binti amekua, anajisuka nywele mwenyewe, na baba yake alikuwa anamjua kwa sauti ya simu tu.

Basi siku hiyo shemeji, mdogo wake mume wangu, akaingia bila hata kupiga hodi, tai imekaa upande.

"Shemeji, kaa kitako."

"Nimekaa. Huoni niko kwenye cherehani?"

"Basi usisimame."

Akaniambia kuna kampuni ya nje inataka kuleta mtaji wake hapa, ijenge kiwanda cha zipu. Ardhi imeshapatikana, msamaha wa kodi wa miaka ya mwanzo umekubaliwa, laini ya umeme imeahidiwa. Ila kampuni hiyo ina mtindo wake. Kabla ya kutia saini, humtuma mtu mmoja akaishi mahali penyewe miezi kadhaa, kwenye nyumba ya kawaida na si hotelini, aone kama mainjinia wao na familia zao wataweza kukaa. Akisema hapakaliki, wanafunga virago. Na kulikuwa na nchi nyingine inayokitolea macho kiwanda hichohicho.

"Na mashine zenyewe," shemeji akashusha sauti, "ni zilezile anazozishika kaka kule. Hapa mjini hakuna mwingine anayezijua. Kiwanda kikija, kaka anarudi nyumbani. Huyu mtu akikataa..."

Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani na sindano ilishatoka nje ya mstari kitambo.

Mgeni akaja, akapewa kile chumba chetu cha ghorofani. Mrefu, mwembamba, ana miwani, anazungumza Kiswahili cha kitabuni, kila neno analiweka chini taratibu asije akalivunja. Mtaa ukambatiza Bwana Zipu siku hiyohiyo. Alipouliza jina langu wakamwambia Pilipili, naye kwa heshima zake akaniita Mama Pilipili. Nilicheka, sikumsahihisha.

Nikaapa huyu mtu hatajua upweke ni nini. Mwasikia? Nilikuwa na sababu. Miezi ya kwanza ya mume wangu kule ugenini, alikuwa ananipigia simu sauti imekauka, ananiambia Jumamosi na Jumapili zimepita hakuna binadamu aliyemwita. Nilikuwa namjibu kwa maneno ya kumchangamsha, kisha nakata simu nalia. Sasa na mimi nimeletewa mtoto wa watu, kaacha kwao. Nimwache akae kama gogo? Hapana! Niliyoshindwa kumfanyia mume wangu nilitaka kumfanyia huyu.

Nikaita majirani tukapanga zamu. Wifi yangu, dada yake mume wangu, anayekaa nyumba ya pili, akachukua asubuhi, yeye na chai yake na habari za mtaa mzima. Mchana wazee wa kazi wa kile kiwanda kilichofungwa. Jioni aliyekuwa na nafasi. Bwana Zipu akitoka kununua sabuni, anasindikizwa. Akikaa kibarazani na kitabu, wifi anasema, "Masikini, anasoma peke yake," anavuta kiti anakaa naye. Akifunga mlango, tunagonga kumuuliza kama anaumwa. Akifungua, tunaingia. Nilikuwa najisikia vizuri, nakwambia! Usiku nikilala namwambia Mungu, na yule wangu mpe watu kama hawa.

Lakini Bwana Zipu akaanza kupukutika. Macho yakaingia ndani, chakula akawa anakichokoa tu. Shemeji akachanganyikiwa. Akasema ni barabara, wakaja watu wakafukia mashimo. Akasema ni umeme, nguzo zikabadilishwa. Mwisho akaja na mkubwa wake na ujumbe mzima, wakajazana kwenye kile chumba cha juu mchana kutwa wakimuuliza mgeni ni kitu gani kinamsumbua. Akawajibu, "Hakuna, asanteni, kila kitu ni kizuri sana," huku shati limemganda mgongoni.

Walipoondoka nikapanda kuchukua vikombe. Sanduku lake lilikuwa wazi kitandani, na nguo zimeanza kupangwa ndani.

Roho ilinitoka. Nilimwona mume wangu kule aliko, anazeeka huko.

Kesho yake alasiri nikapanda na chai. Kimya. Mlango wa bafu umefungwa kwa ndani, wala maji hayasikiki. Nikaupiga kwa kiganja.

"Bwana Zipu! Umeanguka?"

Ukafunguka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, kitabu mapajani. Mtu mzima, amevaa viatu na kila kitu, amejificha bafuni.

"Samahani, Mama Pilipili. Ninataka kukaa."

"Si ukae! Viti vimejaa nyumba nzima."

"Ninataka kukaa peke yangu."

"Peke yako? Una nini? Nani kakuudhi?"

"Hakuna. Watu wote ni wema." Akavua miwani, akajifuta uso. "Wema sana. Mimi ninachoka. Nikiwa peke yangu, ninapumzika. Hapa sijapumzika tangu nimefika. Na mainjinia wetu wako hivyohivyo kama mimi. Nitawaambia nini?"

Nikaweka chai chini nikashuka. Nilichemka jamani! Tumeacha shughuli zetu kwa ajili yake, tumemchekea, tumemsindikiza, halafu anatukimbia hadi bafuni? Nikachukua simu nikampigia mume wangu, bahati nikamkuta mapumzikoni, nikamwaga yote. "Mtu tumembeba kama yai! Anataka kukaa peke yake, huo si ugonjwa?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mpe," akasema.

"Nimpe nini?"

"Hicho anachotaka. Mke wangu, sikiliza. Mimi nilipofika huku nilidhani majirani wananichukia. Nikigonga mlango wa mtu, anauliza tatizo ni nini. Nikimwambia nimekuja kukusalimia tu, ananiangalia kama nimetumwa. Kisha nikateguka mguu. Kila asubuhi nikawa nakuta mkate mlangoni, sijui nani kauweka. Ni yuleyule jirani. Hakuwahi kugonga. Kwao kumwacha mtu atulie ndiyo kumheshimu. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa. Huyo wako hana muda huo wa kuwaelewa ninyi."

Nikakata simu bila kubisha, mimi!

Nikaenda kuwaambia wenzangu zamu zimekwisha. Loo, nilikiona cha mtema kuni. Wifi alishika kiuno akanipa vidonge vyangu hadharani, eti nimemficha mgeni ili kiwanda kikija niwe mimi peke yangu niliyemkarimu. Nikamwambia, "Wifi, unamtaka kaka yako au unamtaka Bwana Zipu?" Akalia, akaondoka. Majirani wakanisusa. Mtu akija na sahani, naipokea mlangoni, naiweka juu ya ngazi bila kugonga, narudi chini nimeuma meno. Hamjui lilivyonikaa rohoni. Kumpita mtu bila kumjulia hali, nilijiona nimekuwa mnyama. Na wasiwasi juu yake: je, kama mume wangu amekosea? Si mwishowe nitakuwa nimemnyima mgeni maongezi, na kiwanda kimeenda, na mume wangu hakurudi?

Siku zikapita nasikia nyayo tu. Sahani zikaanza kurudi tupu. Kisha alasiri moja Bwana Zipu akashuka mwenyewe, kikombe mkononi.

"Ninaweza kukaa hapa, Mama Pilipili?"

Nikamwonyesha kiti. Akafungua kitabu. Mimi nikashona. Maneno yalinijaa mdomoni mpaka nikadhani nitapasuka, nayameza, naendelea na kola ya shati. Mwishoni akanitazama juu ya miwani akaanza kucheka, akacheka mpaka kitabu kikaanguka.

"Ni vigumu sana kwako," akasema.

"Nakufa," nikamjibu. Tukacheka wote.

Toka hapo akawa anashuka karibu kila siku. Akaanza kuzipima zipu ninazonunua, zile zinazoachia meno wiki ya kwanza, anatikisa kichwa. Jioni moja akaenda mwenyewe kwa wifi akaomba chai, kwa hiari yake, na wifi akanisamehe papo hapo. Sanduku likarudi chini ya kitanda. Na kampuni ilipouliza, akawaambia panakalika, ila nyumba za wafanyakazi wageni zijengwe zenye kibaraza cha nyuma. Shemeji mpaka leo anasimulia kwamba ni zile nguzo za umeme. Namwachia.

Kiwanda kikajengwa. Na mume wangu akarudi.

Mtaa mzima ulikuwa nyumbani kwetu. Vigelegele, viti vya kuazima, wifi sauti imemkauka kwa kuimba. Mume wangu akashuka kwenye gari, akambeba binti yake ambaye miguu ilikuwa inaburuzika chini, akanishika mkono. Halafu wakamzingira. Huyu anamvuta, huyu anamuuliza, huyu anamsukumia sahani. Nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu na kuitikia kila mtu, na shati limemganda mgongoni.

Nikaelewa palepale. Miaka yote ile ya kunyamaziwa, mwili wake ulishazoea ukimya, na sisi tunammiminia watu.

Nikapanda juu ya kiti. "Jamani, nawashukuru, nawapenda, nendeni makwenu! Mtakuja kidogokidogo." Wakaguna. Shemeji akasema nimeanza vituko vyangu. Wifi akanitazama, akamtazama kaka yake, kisha, Mungu ambariki, akamshika binti yetu mkono na kuanza kuwatoa watu yeye mwenyewe.

Tukabaki wawili. Midomo ilikuwa inanitetemeka kwa mambo ya kumwambia, miaka mizima ya mambo.

"Na mimi nitoke?" nikamuuliza.

Machozi yakamtoka, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kwa aibu, mume wangu wa ndoa. Nikamfungulia dirisha la uani, nikatoka, nikarudishia mlango.

Nikaketi kwenye ngazi ya nje. Mume niliyemngoja miaka yote hiyo yuko ndani na mimi niko nje, na sikuwa na kinyongo hata chembe. Hapo ndipo nilipomshukuru Bwana Zipu, kwa sauti, mpaka mpita njia akageuka. Kwa kiwanda, ndiyo. Lakini zaidi kwa sababu bila yeye ningeona mume wangu ananikimbia, ningesema hanitaki tena, na kwa huu mdomo wangu ningemmaliza siku ileile aliyorudi.

Jua lilikuwa limelegea mlango ulipofunguka. Akatoka, akaketi kando yangu, bega lake likagusa langu. Tukakaa hivyo muda mrefu.

Kisha akauliza, "Binti yetu anapenda nini?"

Nikaanza kumwambia, polepole.