Kiganja cha Aziza Chini ya Taa

...aseme au asiseme, ni taa, ni taa tu, maneno matatu hayo yangemtoka kirahisi kama angekuwa mtu mwingine, lakini yeye ni Bulaimu wa mataa, Kasongo nzima inamjua kwa jina hilo, na mtu hasimami hivihivi mbele ya wanawake arobaini wa pande mbili za ndoa akaikashifu kazi yake mwenyewe, kidole chake kiko juu ya kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga na hakiongezi wala hakipunguzi, na kule mkekani Mama Safia bado ameushika mkono wa bibi harusi, Aziza, ameugeuza kiganja juu, anautazama... shangazi wa bwana harusi, mkubwa wao wote, siku mbili mgongoni mwa pikipiki kutoka Kabambare na matope mpaka magotini, kwa kazi hii moja ya kuangalia hina, maana ndivyo ukoo wao unavyofanya, shangazi mkubwa hushika kiganja cha bibi harusi mbele ya watu, akiridhika hupiga kigelegele cha kwanza, wengine hudakia, na hapo mtoto huwa wao, na kigelegele hakijaja, Mungu wangu, kimekaa wapi, hata watoto waliokuwa wakilia mlangoni wanachungulia ndani, na nje alasiri imefunga giza kama magharibi kwa ile mvua iliyojikusanya upande wa mto Lualaba, la sivyo angefungua madirisha, angevuta mapazia yote na jua lingesema lenyewe, lakini jua halipo, zipo taa zake nne kwenye nguzo mbili na jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba, na yeye, mwanaume pekee humu ndani, aliyeruhusiwa kwa sababu ni mjomba wa bibi harusi na kwa sababu lazima mtu alinde mitambo, akaambiwa aangalie ukuta, akakubali kuangalia ukuta, lakini ni nani angeweza kuangalia ukuta sasa hivi.

"Hina haikukamata," sauti imetoka nyuma, ya upande wa Kabambare, hakuijua ya nani. "Angalieni ile mikono, iko kama majivu." Na mkewe, Mama Heri, ambaye hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho, "Haikukamata wapi? Ile hina ilitoka Nyangwe, tuliifunga usiku muzima, asubuhi ilikuwa nyekundu pyu! Bulaimu, ile taa yako inafanya nini?" ...inafanya nini, inafanya ile kazi aliyoinunulia, inawaka, aliuliza swali moja tu kwenye simu siku ile, zinapiga mbali? na muuzaji wa Bukavu akaapa kwamba zinapiga mbali, hakudanganya, wiki tatu barabarani katoni zilifika zimelowa na taa ndani nzima, jioni akaziwasha uwanjani mtaa mzima ukaja, wakaangaza ukuta mweupe, wakaangaza shati la imamu, mzee mmoja akasimama mbali kule kwenye migomba akasoma barua yake bila miwani, watu wakapiga makofi, aa, hii njo taa, hii ni mchana kabisa, na Bulaimu akatembea katikati ya mwanga ule na tumbo mbele kama yeye ndiye aliyeumba mchana, vitu vyeupe vyote walivileta wakavijaribu, hakuna hata mmoja aliyeleta nyanya. Nyanya moja tu. Ikaja ndoa ya Antoine na Laura, parokiani, akaiangazia kwa taa hizo, waimbaji na nguo zao mpya, na baada ya wiki kiongozi wao, Mama Léocadie, akamjia na picha mkononi, "Papa Bulaimu, nguo yetu iko rouge, nyekundu, tulichanga tukanunua rouge, hapa pa picha iko kama kahawa ya maziwa," na yeye, mdomo wake haukutetemeka hata kidogo, akamwambia ni mashine ya picha, Mama, mashine za siku hizi... halafu akajifungia akampigia simu Serge, fundi wa Bukavu, kijana anayejua, na Serge akacheka mpaka akakohoa, "Papa Bulaimu, wee ulinunua nguvu, rangi hukuuliza, hivi ni vitu viwili, iko namba ingine inapimwa mpaka mia, inaonyesha kama taa inatoa rangi vile iko kwa jua, taa ya muzuri inapita tisini, zako pengine sabini, hata haikuandikwa pa katoni, na nyekundu njo inakufa ya kwanza." Nyekundu ndiyo inayokufa kwanza. Sasa niongeze mwanga? alimuuliza. Ongeza, alijibu Serge, utapata ile ile, ikiwa kubwa.

Hivyo anajua. Watu wote humu hawajui na yeye anajua, nyekundu haimo katika taa hizi, au imo kidogo kama chumvi ya maskini, na hina ni nyekundu, na damu chini ya ngozi ni nyekundu, kwa hiyo mtu yeyote akiwekwa pale atatoka na rangi ya maradhi, hesabu rahisi, aseme tu, Mama Safia, usihangaike, ni taa, mtoto hana kitu, kesho asubuhi umtazame juani, jina la Bulaimu wa mataa litachekwa sokoni mwezi mmoja, miwili, acha lichekwe, ni mtoto wa dada yake huyu, mtoto pekee aliyeachiwa, alikuja kwake ana miaka sita na kikapu na kuku mmoja aliyegoma kumwachia mtu, na tangu siku ile hakuna aliyemwita binti wa ndugu, ni binti wa nyumba, alikuwa akipanda kile kilima cha kisimani na ndoo kichwani anaimba, anaimba huku anapanda, majirani wanauliza huyu pumzi anazitoa wapi... alikuwa akipanda. Mwezi uliopita alimkuta amekaa katikati ya kilima, ndoo pembeni, mkono kifuani. "Mujomba, ninachoka bure." Na yeye akacheka, "Njo ndoa hiyo, mama, inachokesha hata haijafika," akaibeba ile ndoo, akajiona mjomba mwema kwa kubeba ndoo... na mara ile alipoacha sahani ya ugali nusu, na alipojifunika kitenge mchana wa joto akasema baridi, ndoa, ndoa, kila kitu ndoa, na udongo wa kichuguu ambao Mama Heri alimkamata akiutafuna jikoni, wakamtania, tayari mimba kabla ya mume, akacheka na wao, midomo yake ilikuwa na rangi gani siku ile, palikuwa na jua, jua la kutosha, kwa nini hakumbuki midomo yake.

"Bulaimu, ongeza mwangaza kidogo," anasema Mama Safia, hakupaza sauti, na kidole kinatii, taa zinapanda mpaka mwisho, wanawake wanakunja macho, na Aziza pale katikati anazidi kuwa mweupe, mweupe tu, na sasa Mama Safia anafanya kitu, anabonyeza ukucha wa Aziza kwa kidole gumba chake, anaachia, anangoja, anabonyeza tena mwingine... haangalii hina, Bulaimu anaona ghafla kwamba yule mama hakuangalia hina tangu mwanzo, hakuwa akitafuta aibu wala dosari ya mahari, anafanya vile anavyofanya mama aliyewahi kukaa na watoto wagonjwa kwenye benchi la hospitali, na hapo, bila kukusudia, macho yake yanashuka kwenye mikono yenyewe, miwili, wa mzee na wa kijana, juu ya paja moja, na anaanza kujieleza tena, ni taa, nyekundu inakufa, lakini kiganja cha Mama Safia kiko papo hapo, chini ya taa hizo hizo, nyekundu yake imepungua kweli, imekuwa rangi ya tofali la zamani, lakini ipo, mtu yuko ndani ya ule mkono, na kile cha Aziza kando yake hakina kitu, mistari ya kiganja haina kitu, damu hairudi ukuchani, ukucha unabaki mweupe vilevile baada ya kuachiwa, na mwanga ni mmoja. Mwanga ni mmoja na mikono ni miwili. Anamtazama Mama Heri, mkono wake ulioshika kitambaa, una damu. Anamtazama mtoto mmoja mlangoni, ana damu. Anarudi kwa Aziza polepole, kama mtu anayeogopa kufika, na moyo wake unamwambia peupe jambo ambalo macho yake yalikataa mwezi mzima, mtoto huyu anaumwa, mtoto huyu hana damu, na wewe ulibeba ndoo.

Na kesho kutwa wanamchukua, siku mbili za pikipiki, mito isiyo na madaraja, akianguka njiani ni nani wa kumbeba, hospitali ni wapi, na wakimkataa leo hapa mbele ya watu arobaini naye ataanguka, hakuna pa kushika, popote anapogeuka pamekatika, angefanya nini mtu, azime taa zote waseme grupe ya umeme imekufa, apate dakika tano, halafu baada ya dakika tano... "Bulaimu." Mama Safia ameinua kichwa, mkono bado ameushika, na macho yake hayana ugomvi hata kidogo, yanamwomba, mama mzima anamwomba. "Niambie wewe mwenyewe, baba. Ni taa?" Na chumba chote kinamgeukia, Mama Heri anamtolea macho, sema basi, sema ni taa, na Aziza naye amegeuka, ametabasamu, anangoja mjomba wake aseme ndiyo, neno ambalo dakika chache zilizopita lilikuwa linamchoma ulimi, neno la kumaliza jina lake mjini, na sasa angelitoa jina, na nyumba, na mitambo yote, mradi liwe kweli, ziwe mbovu, ee Mola, zote nne ziwe mbovu kuliko taa zote za dunia, na mdomo wake umefunguka, na Aziza anangoja, na mkono wake umelala pale pale kwenye mkono wa Mama Safia.