Fundi wa Kuanguka

Katika kanisa zima la Pasta Rigobert, lile lililokuwa ghala la matairi huko Anderlecht, kitongoji cha mji mkuu wa Wabelgiji, hakuna aliyejua kuanguka kama Kabamba. Wengine walidondoka kama gunia la mihogo, wakagonga viti na kupoteza viatu. Kabamba alianguka kwa adabu. Mkono wa pasta ukimgusa paji la uso, anatetemesha bega kidogo, anashusha pumzi, kisha anajilaza nyuma polepole mpaka mikononi mwa mdakaji, yaani yule kijana anayesimama nyuma yako ili usipasue kisogo pepo anapokutoka. Pepo wa Kabamba alikuwa wa kupenda wanaume, na miaka yote hiyo alikuwa ametolewa mara nyingi kuliko takataka za jengo lao.

Aliyempeleka mara ya kwanza ni mama yake, Maman Alphonsine. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikuwa mjane kutoka Likasi aliyelea mtoto mmoja katika nchi ya baridi, na alipoona picha fulani kwenye simu ya mtoto huyo, dunia ikamwishia. Kabamba, mvulana wa sekondari, akafungiwa katika chumba cha maombi bila kula wala kunywa, watu wazima wakimpigia kelele masikioni mpaka akajikojolea. Mle ndani aligundua jambo moja: ukianguka, wanaacha. Basi akaanguka, na tangu hapo akawa fundi.

Sasa shetani, kama yupo, hapa ndipo alipojishika mbavu. Mdakaji wa zamani aliumia mgongo, kanisa likafunga na kuomba, kisha likamchagua Banza, kijana mwenye kazi ya kupandisha friji na makochi ghorofani, na mikono inayolingana na kazi hiyo. Yaani walimtoa Kabamba pepo wa kupenda wanaume, halafu wakamwangusha kifuani pa Banza! Jumapili ya kwanza Banza alimnong'oneza, "Pole, sha," kama anavyoitwa mtu wa karibu. Jumapili nyingine akamwambia, "Umepunguka, unakulaka kweli?" Haikupita miezi mingi wakawa wanakunywa kahawa huko Evere, mbali na macho ya waumini. Penzi lao lilianzia madhabahuni, na kanisa zima lilikuwa likipiga makofi.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Kabamba akisikia kinanda tu, kama kile kinachopigwa pepo wakitolewa, hata kiwe cha tangazo la sabuni, anatafuta mlango wa kutokea. Usingizini alirudi kwenye kile chumba. Banza ndiye aliyechoka kumwona akiamka analia, akamtafutia mtaalamu wa mambo ya moyo na akili anayepokea watu kama wao bila kutaka kuwageuza. Kabamba akataka awe wa mbali, Uccle, kwenye miti na majumba ya kimya, tena awe na jina la Kibelgiji ili habari zisifike Anderlecht. Mlangoni paliandikwa Madame Peeters. Aliyefungua alikuwa mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau.

"Karibu," akasema kwa Kiswahili. "Peeters ni jina la mume. Mimi ni Naïma, nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Yanayosemwa humu hayatoki. Hata mama yangu haambiwi, na mama yangu anajua kuuliza."

Kabamba alitamani ardhi ipasuke. Ila alikuwa amekwisha kuvua koti, na kurudi nyuma ilikuwa aibu. Akaketi. Alikuwa amefunga kula tangu juzi, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni ya upako, asije akaambiwa amekuja mikono mitupu. Naïma alimwuliza hili na lile, kisha akamwomba afumbe macho, atafute hofu imekaa wapi mwilini. Kabamba akafumba macho. Akasimama. Akatetemesha bega, akashusha pumzi, akajilaza nyuma.

Uccle hakuna mdakaji. Aligonga rafu ya vitabu, chungu cha ua kikamfuata, na chupa ya mafuta ikabingirika mpaka miguuni pa mwenye nyumba.

"Nani amekuambia uanguke?" Naïma aliuliza, baada ya kuhakikisha kichwa ni kizima.

"Bon... mi nilifikiri ni pale njo inaishiaka, pale mutu anaanguka."

Naïma alijikaza, akashindwa, akacheka hadi kilemba kikalegea. Kabamba naye akacheka, udongo umemjaa kwenye nywele, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia mbele ya mtu mzima.

"Hapa hatutoi kitu," Naïma akamwambia. "Hivyo ulivyo si ugonjwa."

"Alors, unaponyesha nini?"

"Hofu. Hiyo hukuzaliwa nayo, walikuingizia."

"Na Mungu, mi nimuache?"

"Hilo ni lako na yeye. Mimi siwezi kukuamulia."

Majira yote ya baridi wakafanya kazi ambayo ukimsimulia mtu atadhani ni mchezo wa watoto: kusimama. Walizungumza juu ya kile chumba, kisha Kabamba anasimama, Naïma ananyanyua kiganja karibu na paji lake, na yeye anazisikia nyayo zake zimekanyaga sakafu. Mwanzoni jasho lilimtoka kama mpishi wa harusi. Baadaye likapungua.

Ndipo Pasta Rigobert alipotangaza kwamba Jumapili ya Pasaka Kabamba atafunguliwa mara ya mwisho, na akiinuka tu, atavishwa pete ya uchumba na Keren, binti wa shemasi, ambaye naye hakuulizwa.

"Unaogopa nini zaidi?" Naïma alimwuliza.

"Maman. Ile siku sitaanguka, ataona hakuna pepo. Ataona kuko mimi tu. Na kama hanitaki?"

Naïma akanyanyua kiganja, wakarudia kusimama.

Pasaka ikafika. Pasta akamwaga mafuta kichwani pa Kabamba bila ubahili, mengine yakatiririka sakafuni. Kinanda kikaanza. Kabamba akazitafuta nyayo zake, akazipata. Pasta akamgusa, hakuanguka. Akamsukuma, hakuanguka. Nyuma yake Banza alikuwa amekunjua mikono, na uso umempauka.

"Anguka, mu jina la Yesu!"

"Hapana, papa pasteur. Niko muzuri hivi."

Pasta akarudi nyuma, akachukua mbio. Mguu ukakuta mafuta yake mwenyewe. Akampita Kabamba ubavuni kama treni isiyosimama, akatua mzimamzima mikononi mwa Banza, ambaye kwa mazoea akamlaza chini taratibu na kumfunika na kitambaa.

Keren akafunika mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Maman Alphonsine akasimama, akachukua mkoba wake. "Tuende," akamwambia mwanawe.

Wakapanda metro, treni ya chini ya ardhi. Kabamba alimtazama kwenye kioo cha dirisha.

"Kuanguka yako," mama akasema mwishowe, "ilikuwaka ya uongo?"

"Ndiyo, maman."

"Yote?"

"Yote."

Akatazama viatu vyake. "Yangu pia. Tangu papa yako akufe. Ukikawia kuanguka, banasema uko na zambi, na mimi magoti inaniumaka."

Wakaangaliana. Kicheko kikawashika wote wawili, abiria wakageuka. Kisha mama akaacha kucheka.

"Donc nilijua. Kila mara ulianguka, nilijua ni bure, sababu mi mwenyewe njo fundi wa ile uongo. Na bado nilikuwa nakurudisha. Unisamehe, mutoto yangu."

Kabamba alitaka kusema si kitu. Akakumbuka kwamba ni kitu.

"Iliniumiza sana, maman."

"Najua." Akampa mkono, na Kabamba akaushika. Kituo kikapita, na kingine. Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na ule Banza," akasema. "Mi nikianguka, ananidakaka na mukono moja, macho iko kwa saa. Wewe anakudakaka na yote mbili."

Kabamba akageukia ramani ya vituo, kana kwamba anaisoma.

"Jumapili aje kula bukari," Maman Alphonsine akasema, mkono ukizunguka hewani kama wa mtu anayesonga ugali. "Nataka nimuangalie vizuri, nikiwa nimesimama."