Bibi wa Kopa Amefumba Macho

Kila asubuhi saa mbili na robo, Bi Lenzi alivaa glavu nyeupe, akawasha taa ya mezani na kuanza kukagua karata zilizochezewa jana yake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kasino, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi, na dirisha lake lilitazama ukuta. Alipitisha kioo cha kukuzia juu ya kila karata, hamsini na mbili kwa pakiti, akitafuta mkunjo, mkwaruzo wa ukucha au tone la wino. Pakiti ikishakaguliwa aliitoboa tundu katikati ili isirudi mezani, na mfanyakazi aliyetaka aliichukua nyumbani. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuandika asichokiona, wala kuacha kuandika alichokiona, na jambo hilo lilimpa kiburi kidogo ambacho hakumwambia mtu.

Jumanne moja aliandika kwamba Bibi wa kopa wa meza ya tatu amefumba macho. Alitaja yote manne, ya juu na ya chini, maana Bibi wa karata ana vichwa viwili. Mkuu wa Usalama aliisoma ripoti akaitia kwenye faili. Kesho yake, katika meza hiyohiyo, alikamatwa bwana mmoja mwenye mkono wa plasta, na plasta ilipopasuliwa ilikutwa na karata tatu za ree. Wiki iliyofuata Bibi alifumba macho meza ya tano, akakamatwa mama mmoja mcheshi ambaye alipiga chafya kila mumewe alipohitaji kujua karata za jirani.

Mara ya tatu uongozi uliongeza Kifungu cha Kumi na Nne: Bibi wa kopa akishikwa na mkono wa mdanganyifu hufumba macho, akifumba, meza ifungwe na waliomshika wahojiwe. Wafanyakazi wote walitia saini kwamba wamekisoma. Mpishi wa kantini alilalamika tu kwamba Kifungu cha Kumi na Tatu, kilichohusu sukari ya wafanyakazi, hakijatekelezwa mpaka leo.

Tangu hapo watu walianza kutazamana mikono. Waliokuwa wakisalimiana kwa kushikana walianza kusalimiana kwa kichwa. Kantini, mtu akisimama kwenda kunawa, aliowaacha mezani waliulizana kwa nini anawe leo na jana hakunawa. "Za mwizi arobaini," alisema Mkuu wa Usalama, na kwenye kalenda ya ukutani alikuwa kweli akizihesabu, ingawa hakuna aliyejua alianzia wapi.

Mgawa karata wa meza ya saba alikuwa mdogo wake Bi Lenzi, tumbo moja. Wenzake walimwita Vidole. Alikuwa na leseni tangu ana miaka ishirini, na hakujua kazi nyingine. Kwa desturi ya kazi, mgawa karata akiondoka mezani hupiga makofi mara moja, akaonyesha viganja, kisha migongo ya mikono, ili kamera ione kwamba haondoki na kitu. Vidole alifanya hivyo hata nyumbani akimaliza kula. "Tumeona, baba," mama yao alikuwa akimwambia. "Hujaiba kijiko."

Wiki ya mchujo wa mashindano ya poka, meza ya saba peke yake ilipewa karata mpya, za boksi lenye muhuri mwekundu. Kesho yake asubuhi Bi Lenzi aliifungua pakiti ya kwanza, akamkuta Bibi amefumba macho. Alifuta kioo kwa pindo la kanga, akatazama tena. Pakiti zote sita zilikuwa vilevile. Wachezaji wa meza ile walibadilika kila saa. Aliyezishika zote sita alikuwa mmoja tu.

Alikaa mpaka chai yake ikaota utando. Aliogopa, na alimwonea huruma mdogo wake, tena alimkasirikia. Angekuwa mtoto wa mwingine angeandika, basi akaandika.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Lenzi," alisema Mkuu wa Usalama. "Lakini mimi si mtu wa kuonea. Tutampima."

Walimpima mbele ya mashahidi watatu. Kanuni za nyumba zinasema muhuri wa karata hauvunjwi na mtu yeyote isipokuwa mgawa karata, kwa hiyo pakiti mpya ya boksi la muhuri mwekundu aliifungua Vidole mwenyewe. Aliitandaza mezani kwa mkupuo mmoja, nusu duara safi, kazi ya miaka kumi na tisa. Bibi wa kopa alikuwa amefumba macho.

"Dada, mimi sijui lolote," alisema Vidole.

"Nimeandika nilichokiona," alijibu Bi Lenzi.

Leseni ya Vidole ilipigwa muhuri wa kufutwa, asigawe karata katika nyumba yoyote ya mchezo maisha yake yote. Alipoinuka alipiga makofi, akaonyesha viganja na migongo. Mkuu wa Usalama aliangalia pembeni.

Siku ya tatu Vidole alishinda nyumbani akishona vifungo ambavyo havikuwa vimekatika. Bi Lenzi alimtazama, na njiani kwenda kazini akaona kosa lake, akasimama katikati ya barabara mpaka akapigiwa honi. Miaka kumi na sita alikagua karata zinazorudi kutoka mezani. Zinazokwenda hakuzikagua hata siku moja, alihesabu mihuri tu. Muhuri mzima, karata nzima: ndivyo walivyofundishwa wote, na ndivyo yeye alivyowafundisha wengine.

Aliingia stoo, akachana kwa wembe pakiti ya boksi la muhuri mwekundu, akazitenganisha karata kwa kibanio cha nyusi bila kuzigusa. Bibi amefumba macho. Akachana ya pili, mpaka ya nane. Kisha akamgeuza Bibi mgongo. Kwenye ua lililochorwa nyuma ya karata palipungua petali moja, na kwenye ua la mfalme zilipungua mbili, ili anayejua aisome karata kwa mgongo.

Maboksi yale yaliletwa na gari la tajiri mwenye kasino. Kaka wa mke wa tajiri, ambaye nyumba nzima walimwita Shemeji, alikuwa amechukua kombe la poka miaka miwili mfululizo, na kila siku alivaa miwani ya rangi ya kahawia, hata siku za mvua.

"Muhuri ulikuwa mzima?" aliuliza Mkuu wa Usalama.

"Mzima."

"Basi karata nzima."

"Nani anayeagiza karata, bwana mkubwa?"

Mkuu wa Usalama alifunga mlango kwanza. "Wewe unamjua, na mimi namjua. Sasa unataka niandike nini?" Akamsogezea fomu. Ilisema mkaguzi amethibitisha kwamba karata za mashindano zilitoka stoo zikiwa salama. "Mama yenu ana watoto wangapi wenye kazi, Bi Lenzi?"

"Amebaki na mmoja."

"Basi."

Akatia saini. Kalamu ilikuwa yake mwenyewe.

Shemeji alichukua kombe kwa mwaka wa tatu na watu wakampigia makofi. Mwezi uliofuata zilifika karata mpya, ambamo Bibi wa kopa amechapwa akiwa amefumba macho tangu kiwandani. Kifungu cha Kumi na Nne kilifutwa, na wafanyakazi wakatia saini kwamba wamesoma kufutwa kwake. Watu wakarudi kusalimiana kwa mikono.

Jumapili alasiri Bi Lenzi, Vidole na mama yao walicheza karata kama kawaida, kwa pakiti kuukuu yenye tundu katikati. Vidole alichanganya, akagawa. Mzunguko wa kwanza Bibi wa kopa alimwangukia mama, macho wazi. Wa pili alikuwa kwa Vidole, macho wazi vilevile. Wa tatu Bi Lenzi aliinua karata zake akamkuta, naye akafumba macho taratibu, yote manne.

"Zamu yako," alisema mama. "Mbona umeduwaa?"

Vidole, aliyekaa ubavuni mwake na ambaye kwa kazi yake aliweza kusoma karata kutoka upande wowote, alikuwa ameshaona.

"Cheza tu, dada," alisema.

Akacheza. Mama aliisogeza karata karibu na uso, maana macho yake hayakuwa mazuri. "Huyu naye kalala," alisema, akatupa ya kwake juu yake.

Mchezo ulipokwisha Vidole alipiga makofi mara moja, akaonyesha viganja, kisha migongo, akaenda kuchota maji. Bi Lenzi alikuwa ameificha mikono yake chini ya meza.