Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa cha mkataba wa basi la shule hakikuwa na mzaha: kila safari ikiisha, dereva atembee mpaka kiti cha nyuma, ahesabu watoto waliosalia, ajaze fomu, atie sahihi. Akisahaulika mtoto hata mmoja, mkataba umekufa siku hiyo hiyo. Kifungu hicho kilitokana na msiba. Mwenye basi aliyetangulia alimfungia mtoto wa chekechea humo ndani asubuhi, akaja kuonekana jioni, amekwisha kufa. Mkataba ukavunjwa, na Breki akalinunua basi lile kwa bei ya kutupa.

Breki, kama watoto walivyomwita, hakuwa mtu mbaya. Uvivu tu, jamani. Kila Jumatatu alijaza fomu ya wiki nzima, sifuri tano na sahihi tano, akamaliza kazi.

Ijumaa moja shangazi wa basi, mama anayehesabu watoto mlangoni, aliamka na homa. Breki akaenda peke yake, akashusha watoto, akafunga basi juani, huyo akaenda kunywa chai. Fomu alikuwa nayo mkononi, maana mkaguzi wa shule angeipitia saa nne. Akaikunjua.

Sifuri ya Ijumaa ilikuwa imekatwa. Pembeni yake, kwa penseli, kwa mkono wa mtoto anayejifunza kuandika, paliandikwa mbili.

Alicheka kwanza, akasema moyoni kuwa shangazi naye kwa utani hajambo. Lakini fomu ililala kwake, na alfajiri ile sifuri aliiona kwa macho yake. Akaiacha chai mezani. Alitimua mbio na kitambi chake, watu wakimshangaa.

Ndani ya basi joto lilikuwa la tanuri. Alitembea mpaka nyuma, mara ya kwanza tangu alinunue, na huko joto likakatika ghafla. Binti wa darasa la kwanza alikuwa amejikunja nyuma ya mkoba wake. Alipomgusa, paji la uso lilikuwa baridi. Kisha mtoto akafumbua macho.

Alimpakata, akamnywesha maji, akalia bila aibu. Ndipo akaikumbuka ile mbili, akamuuliza alikuwa na nani.

"Na huyu hapa," mtoto alisema, akionyesha kiti kitupu cha dirishani. "Alikuwa ananipepea. Amesema nisilie, utakuja. Yeye siku yake alilia sana, hakuja mtu."

Breki alimpeleka binti kwa mwalimu, kisha akaenda mwenyewe kwa mkaguzi akakiri yote, isipokuwa hayo ya mwisho. Mkataba ukafa siku hiyo hiyo, wala hakubisha.

Alirudi kwenye basi lake, akatembea tena mpaka nyuma, akasimama mbele ya kile kiti cha dirishani.

"Nimekuja, mjukuu wangu," alisema. "Tumekuchelewesha mno. Twende tushuke."

Akatangulia kushuka. Basi likainuka kidogo kwa kupungukiwa na uzito wake, likatulia. Halafu, yeye akiwa tayari amesimama chini, likainuka tena.